Vumbi Ndani ya Nyonga

Simama kwa mguu mmoja, tuseme wa kulia, halafu bonyeza vidole ubavuni mwa nyonga hiyohiyo, chini kidogo ya mfupa wa kiuno. Utausikia msuli umekaza. Ukishusha mguu wa kushoto, unalegea. Msuli huo ndio unaokuzuia usidondokee upande usio na mguu, na hapo ndipo inapoanzia hesabu yote ya nyonga, iwe ya kuzaliwa nayo au ya bandia.

Hesabu yenyewe ni ya wenzo. Egemeo ni kichwa cha mfupa wa paja, lile tufe linalozunguka ndani ya kikombe cha nyonga. Upande mmoja wa egemeo unaning'inia mwili karibu wote: kichwa, kiwiliwili, mikono na ule mguu mwingine. Upande wa pili unavuta msuli. Shida ni umbali. Uzito wa mwili uko mbali na egemeo, msuli uko karibu. Umbali wa kwanza ni kama mara mbili au mbili na nusu ya ule wa pili. Kwa hiyo ili usianguke tu, msuli lazima uvute kwa nguvu inayokaribia uzito wako mara mbili, na tufe lililo katikati linabanwa na vyote viwili kwa pamoja. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa mguu mmoja, nyonga yake inabeba karibu kilo 200.

Kutembea nako ni kusimama kwa mguu mmoja, kubadilisha, kusimama tena. Mjini Berlin, Georg Bergmann na wenzake waliweka vihisio ndani ya nyonga bandia zenyewe, vikawa vinapeleka vipimo kwa mawimbi ya redio huku wagonjwa wanatembea. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, nyonga ilibeba wastani wa asilimia 238 ya uzito wa mwili. Kushuka ngazi, asilimia 260. Mgonjwa akijikwaa bila kutegemea, zaidi ya mara 7. Na mtu mzima anayetembea kawaida hupiga hatua kama milioni moja kwa kila mguu kwa mwaka.

Ndiyo maana bakora hushikwa kwa mkono wa upande wa pili, siyo upande unaouma. Wengi hushika upande mbovu, mama yangu akiwamo, mpaka mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipomhamishia mkono. "Mama, fimbo hii siyo ya kuegemeza mguu mbovu," alimwambia, "ni ya kuupunguzia kazi ule msuli." Mkono wa mbali una wenzo mrefu. Hata msukumo mdogo juu ya bakora unaupunguzia msuli mvutano mkubwa, na tufe linapata nafuu.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni ya karakana: nakereza shafti, natoa beringi zilizokufa, nachonga bushi za mashine za kusaga na kukamua. Niliingia kwenye habari hizi kwa sababu ya mama, ambaye gegedu la nyonga yake ya kushoto liliisha mpaka mfupa ukawa unasaga mfupa. Hakuweza tena kulalia ubavu huo. Daktari bingwa aliyempokea alikuwa na sampuli ya nyonga bandia mezani, akaona ninavyoikodolea macho, akanisogezea. "Shika tu, fundi."

Nilishika. Shina la chuma, refu kuliko kiganja changu, limekonda kuelekea chini. Sehemu yake ya juu imefanywa ya vitundu makusudi ili mfupa uote na kujishikiza humo. Juu ya shina, shingo iliyopinda. Na mwisho wa shingo, koni fupi iliyokerezwa kwa ustadi ambao karakana yangu haiwezi kuufikia. Kichwa ni kipande cha peke yake, tufe linalong'aa lenye tundu la koni chini. Nililipachika, nikalizungusha kidogo huku nakandamiza, likang'ang'ania. Hakuna skrubu wala gundi. Sisi mafundi tunaiita tepa, na vichwa vya biti kubwa za mashine ya kutoboa hushikwa hivyohivyo. Halafu kikombe cha titani, na ndani yake bitana jeupe la plastiki. Plastiki! Nilimuuliza daktari kama kweli mama atabebwa na kitu hicho kwa miaka yote. Akasema ndicho kipande muhimu kuliko vyote, na akaniambia nisome habari za John Charnley.

Nimesoma, na sijaacha kusoma.

Charnley alikuwa daktari wa mifupa Uingereza, kwenye hospitali ya Wrightington, Lancashire, iliyojengwa kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Kabla yake wengi walishajaribu. Philip Wiles wa London aliweka nyonga za chuma cha pua mwaka 1938. Ndugu wawili wa Paris, Jean na Robert Judet, walianza mwaka 1946 kuweka vichwa vya akriliki. Mgonjwa mmoja mwenye kichwa cha Judet alimfikia Charnley akiwa na malalamiko ya ajabu: nyonga yake ilikuwa inalia. Kila akiinama mezani ililia, hata mkewe akawa anakwepa kukaa naye chumba kimoja.

Madaktari wengine wangeweza kumpa pole na kumwacha aende zake. Charnley alisikia msuguano. Kiungo kinacholia kina msuguano mkubwa, na msuguano mkubwa unakitikisa kikombe kwenye kitanda chake kila hatua mpaka kilegee. Fundi yeyote aliyewahi kusikia bushi kavu ikipiga kelele anajua kinachofuata. Akaamua kwamba swali la kwanza la nyonga bandia siyo nguvu ya chuma, ni utelezi.

Kutoka hapo alifanya jambo ambalo mpaka leo naliona la kijasiri kuliko yote: akapunguza kichwa. Kichwa cha asili cha mfupa wa paja kina kipenyo cha milimita 45 hadi 50 hivi. Kila mtu kabla yake alijaribu kuiga ukubwa huo, kwani ndivyo Mungu alivyoumba. Charnley alipiga hesabu: nguvu ya msuguano ikizidishwa kwa nusu kipenyo ndiyo inayojaribu kukizungusha kikombe. Kichwa kidogo, mzunguko mdogo. Na kichwa kikiwa kidogo, kikombe kinaweza kuwa kinene, kikashika eneo kubwa la mfupa. Akateremka mpaka milimita 22.225, yaani inchi 7/8. Ukikiona kichwa hicho kando ya mfupa halisi unaweza kudhani ni cha mtoto.

Kwa kikombe alichagua Tefloni, kwa sababu hakuna plastiki inayoteleza kuliko hiyo. Akapasua wagonjwa karibu 300. Mwanzoni walitembea bila maumivu. Kisha, ndani ya miaka miwili mitatu, wakaanza kurudi. Vichwa vya chuma vilikuwa vimechimba Tefloni milimita kadhaa, na kilichochimbwa hakikupotea: kilijaa kwenye nyonga kama uchafu mweupe, tishu zikavimba, mfupa ukaliwa. Charnley aliwafungua mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaweka vipande vya Tefloni chini ya ngozi ya paja lake mwenyewe ili aone mwili unafanyaje, na akachapisha matokeo: miezi tisa baadaye vilikuwa vimegeuka vinundu.

Tefloni inateleza, ila inalika. Hayo ni mambo mawili tofauti, na nyonga za watu 300 ndizo zilizolipia somo hilo.

Jibu lililetwa na mchuuzi. Mwaka 1962 alifika Wrightington mtu anayeuza gia za plastiki kwa viwanda vya nguo vya Lancashire, plastiki ngumu ya poliethilini yenye molekuli ndefu mno. Harry Craven, fundi wa karakana ya Charnley, aliipokea. Charnley aliichoma kwa ukucha, akasema ni kupoteza muda, akaondoka. Alipokwenda Copenhagen, Craven aliiweka kwenye mashine ya kupimia ulikaji hata hivyo, akaiacha ikizunguka mchana na usiku. Baada ya wiki tatu ilikuwa haijalika kama Tefloni ilivyolika kwa siku moja. Charnley aliporudi alitazama kipimo, na Novemba mwaka huohuo akaanza kuiweka kwa wagonjwa. Nampenda sana Craven katika habari hii. Fundi aliyeamini mashine yake kuliko neno la mkubwa wake, na mkubwa aliyeiamini namba alipoonyeshwa.

Baada ya machungu ya Tefloni, Charnley alikataa kwa miaka kadhaa nyonga yake iuzwe ovyo. Daktari aliyeitaka ilibidi kwanza aende Wrightington kujifunza. Na aliwaomba wagonjwa wake wakubali kwamba wakifa nyonga zimrudie yeye, azipime zilivyolika. Wengi walikubali.

Tuje kwenye vumbi lenyewe, maana ndilo lililobaki kuwa adui hata baada ya plastiki nzuri kupatikana. Ile poliethilini ya kwanza ililika takriban sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka. Inaonekana si kitu. Lakini kichwa kinazama kwenye plastiki kama patasi ya mviringo, na ujazo unaotoka ni eneo la duara la kichwa mara kina hicho. Kichwa cha milimita 22 kinatoa kama milimita 39 za ujazo kwa mwaka. Kichwa cha milimita 32, kwa kina kilekile, kinatoa 80. Chembe nyingi ni ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo ujazo huo ni mabilioni ya chembe. Seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza takataka zinazimeza, hazina uwezo wa kuziyeyusha, zinatoa ishara ya dhiki, na ishara hiyo inaziamsha seli zinazokula mfupa. Mfupa unaoshikilia kikombe na shina unaondoka kimyakimya. Mgonjwa hasikii maumivu mpaka kitu kimeshalegea.

Kwa miaka mingi lawama ilitupiwa saruji. Mashina ya Charnley yalishikizwa kwa saruji ya akriliki, ya aina inayotumiwa na madaktari wa meno, na mfupa ulipoanza kuliwa watu waliuita ugonjwa wa saruji. Wakatengeneza mashina yasiyohitaji saruji, yenye vitundu vya kuotea mfupa. Mfupa ukaendelea kuliwa, kwa sababu plastiki iliendelea kusagika. Saruji haikuwa na kosa.

Na saruji ina elimu yake. Haigandishi, inajaza nafasi na kusambaza mzigo. Mjini Exeter, Uingereza, daktari Robin Ling na mhandisi Clive Lee walianza mwaka 1970 kutumia shina laini linalong'aa, lililokonda kuelekea chini. Mwaka 1976 uso wake ukabadilishwa ukawa wa kufifia, usiong'aa. Ilionekana jambo dogo, tena la busara, maana uso wenye mikwaruzo hushika saruji zaidi. Mashina yakaanza kulegea kwa wingi. Walipochunguza waligundua kwamba shina linalong'aa lilikuwa likizama kidogo ndani ya saruji, na kila likizama linajibana upya kama ulimi wa shoka la kienyeji kwenye mpini wake: kadiri unavyokata kuni ndivyo linavyokaza. Lile la kufifia halikuweza kuteleza, likawa linaisaga saruji na kutoa vumbi. Mwaka 1986 walirudi kwenye kung'aa. Miaka kumi ya nyonga za watu, kwa sababu ya kung'arisha au kutong'arisha chuma.

Kuhusu ugumu wa chuma nitasema machache. Mfupa hujijenga pale unapobebeshwa na kujipunguza pale unapopumzishwa; Julius Wolff aliliandika hilo Berlin mwaka 1892. Aloi ya titani haipindi kirahisi, ni ngumu kuliko mfupa karibu mara 6, na ile ya kobalti na kromi zaidi ya mara 10. Shina nene lililoshikamana hadi chini hubeba mzigo wote peke yake, na mfupa wa juu ya paja, ukikosa kazi, unakonda. Unene ndio mbaya zaidi: ukizidisha kipenyo cha fimbo mara mbili, ugumu wake wa kupinda unapanda mara 16. Ndiyo maana mashina mengi ya leo ni ya titani na yana vitundu juu tu, ili mzigo uingie kwenye mfupa mapema.

Sasa, jambo linalotuhusu sisi tunaoishi karibu na sakafu. Baada ya upasuaji mama aliambiwa asikunje nyonga kupita nyuzi 90, asikalie kigoda kifupi, asipandishe mguu juu ya mwingine. Huo ni mkeka, ni kuchuchumaa chooni, ni kupalia bustani, ni kusujudu. Sababu yake ni jometri tupu. Mguu ukikunjwa sana, shingo ya shina inagonga ukingo wa kikombe. Ukiendelea kukunja, ukingo unageuka egemeo na kichwa kinang'olewa nje. Kichwa kidogo kwenye shingo nene kinagonga mapema, na safari yake ya kutoka ni fupi. Hapo ndipo kichwa cha Charnley kinapolipa gharama ya utelezi wake: kinateguka kwa urahisi kuliko kichwa kikubwa.

Kwa miongo kadhaa, basi, ilikuwa lazima uchague: kichwa kidogo chenye vumbi kidogo, au kikubwa kisichoteguka lakini kinachosaga. Mfaransa Gilles Bousquet wa Saint-Étienne alipita katikati miaka ya 1970: kichwa kidogo ndani ya tufe kubwa la plastiki, nalo linazunguka ndani ya kikombe cha chuma. Mwendo wa kawaida unafanyika kwenye kichwa kidogo, na mtu akikunja sana tufe kubwa linaanza nalo kuzunguka. Naliona wazo zuri mno kwa watu wanaoishi kwenye mkeka. Mlango mwingine ulifunguka mwishoni mwa miaka ya 1990, plastiki ileile ilipoanza kupigwa mionzi mikali ili minyororo ya molekuli zake ifungane. Ulikaji ukashuka sana, na vichwa vya milimita 32 na 36 vikawezekana bila hofu ya zamani. Kauri nayo, ambayo Pierre Boutin aliianza Ufaransa mwaka 1970, uso wake unateleza kuliko wa chuma chochote na haikwaruziki ovyo.

Kulikuwa na njia ya tatu, na ilitoka vibaya: kuondoa plastiki kabisa, chuma juu ya chuma, kichwa kikubwa kama cha asili. Kwenye mashine ya majaribio, utando wa majimaji ulitenganisha vyuma na ulikaji ulikuwa kidogo ajabu. Lakini nyonga iliyoitwa ASR, ya kampuni ya DePuy, ilikuwa na kikombe kifupi, chini ya nusu tufe. Kikiwekwa kwa mwinamo usio sahihi, mzigo unaangukia ukingoni, utando unakatika, na vumbi la kobalti na kromi linaingia kwenye tishu na damu. Agosti 2010 kampuni iliirudisha kutoka sokoni, ikiwa imeshawekwa kwa watu kama 93,000 duniani. Kilichoifichua zaidi ni rejista: Australia na Uingereza ziliandika kila nyonga iliyowekwa na kila iliyofunguliwa tena, na takwimu za Uingereza zilionyesha asilimia 12 hadi 13 zimefunguliwa ndani ya miaka mitano. Sweden ilianza kuandika hivyo mwaka 1979. Malawi ina rejista ya viungo bandia tangu 2005, na nikiifikiria napata moyo, kwa kuwa inaonyesha kwamba kinachohitajika hasa ni daftari na nidhamu.

Kwetu hili lina uzito wa pekee. Ulaya nyonga bandia ni habari ya wazee. Huku wapo pia vijana wenye seli mundu, ambao mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja imeziba, mfupa ukafa, ukaporomoka, na mtu wa miaka 25 anachechemea kama babu yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutokana na rejista za Australia na Finland ulikadiria kuwa asilimia 58 hivi ya nyonga bandia hudumu miaka 25, nyingi zikiwa za plastiki ya zamani. Kwa mama yangu, miaka 25 ni zaidi ya tunayothubutu kuomba. Kwa kijana huyo, inamfikisha 50, akiwa bado na watoto wa kusomesha, na anatembea zaidi, anabeba zaidi, anasaga zaidi. Kwake yeye aina ya bitana na kichwa ndiyo hoja kubwa mezani, kuliko jina la kampuni lililochapwa kwenye boksi.

Kwa hiyo nina ombi kwa kila mwenye mgonjwa. Kila kipande cha nyonga bandia huja na stika zenye aina, ukubwa na namba ya toleo. Moja hubandikwa kwenye faili. Omba nakala yako, au piga picha kwa simu, uwape na ndugu wengine wawili. Siku bitana likiisha, daktari akijua tepa ya shina ni ya kipimo gani anaweza kubadilisha kichwa na bitana tu, akaliacha shina lililoota mahali pake. Asipojua, huenda akalazimika kuling'oa, na kung'oa shina lililokamatwa na mfupa ni kupasua paja. Tepa mbili zinaweza kuandikwa 12/14 zote na bado zisioane, kwa kuwa pembe na urefu hutofautiana kwa watengenezaji. Ukipachika kichwa cha huyu kwenye koni ya yule, vinacheza kidogo kila hatua, na chuma kinaanza kutoa vumbi. Stika ya mama inasema kichwa cha kauri, milimita 32, bitana la plastiki iliyofungwa kwa mionzi. Nimeihifadhi pamoja na hati ya kiwanja.